Dume la Hvammur

"Nimekuja kukuambia kabla, Steinvör, si baada."

Ketill wa shamba la Eyri alikuwa ameingia bila kubisha, kama majirani wote wa ghuba ile, akavua viatu mlangoni, akaketi jikoni na soksi zake za sufu zilizotoboka kwenye kidole gumba. Bunduki aliiacha garini. Steinvör aliiona kupitia dirishani, imelazwa kwenye kiti cha mbele kama abiria.

"Kahawa ipo kwenye birika," alisema. "Jimiminie, mikono yangu ina kazi." Alikuwa amempakata mwanakondoo yatima, akimnyonyesha kwa chupa. "Kabla ya nini?"

"Kabla ya kumpiga risasi paka wako."

Mwanakondoo aliendelea kunyonya. Steinvör alimtazama Ketill usoni kuona kama anatania, ingawa Ketill hakuwahi kuwa mtu wa utani asubuhi.

"Viota kumi na kimoja," Ketill alisema huku akimimina. "Wiki mbili tu. Mayai yamepoa, bata wanne wametafunwa shingo. Juzi nimemwona kwa darubini. Rangi ya chungwa kuanzia pua mpaka mkia, amembeba bata mdomoni kama mama wa watu anayetoka dukani."

"Jarl hawezi kubeba bata. Jarl akitaka kupanda kitandani mimi ndiye ninayembeba."

"Katika ghuba nzima paka wa rangi hiyo ni mmoja."

"Hilo sikatai."

"Basi."

Steinvör alijua uzito wa maneno yale, kwa sababu alizaliwa hapahapa pwani ya Strandir na alikuwa akikaribia miaka sitini na miwili bila kuhama. Bata wa Eyri si mali ya mtu. Huja wenyewe kutoka baharini kila Mei. Ketill huwatandikia nyasi kavu, huwasimikia vijiti vyenye vitambaa vya rangi, huwawekea redio inayoimba kutwa ili kunguru waogope, nao wakishaangua humwachia viotani manyoya laini ya kujazia mito, ya kuuza. Hayo manyoya ndiyo yaliyomlisha baba yake Ketill na babu yake. Lakini bata waliotishwa msimu huu, mwakani huhamia kwa mwingine, na hakuna awezaye kuwaita warudi. Ndiyo maana Ketill mwenyewe, aliyefuga paka, dume jeusi liitwalo Sóti, alikuwa amelifungia ndani tangu Mei mosi. Mchana lilikaa dirishani likiitazama dunia kwa chuki.

"Nipe mpaka Jumapili," alisema Steinvör.

"Mfungie leo, nitaamini."

"Nimfungie vipi? Sijui alipo. Ni dume. Madume huzurura."

"Jumapili," alisema Ketill, akavaa viatu vyake.

Kwamba paka wa rangi ya chungwa ni madume watupu, hilo Strandir lilijulikana kama inavyojulikana kwamba upepo wa kaskazini ni baridi. Hakuna aliyemfundisha mwenzake. Jarl alipoletwa shambani Hvammur Agosti iliyopita ndani ya sanduku la viatu, zawadi ya binamu wa Borgarnes, Steinvör alimtazama rangi, akampa papo hapo jina la watawala wa kale wa kiume, mambo yakaisha. Naye Jarl alilistahili jina. Hakumwogopa mtu. Alilala juu ya mgongo wa mbwa. Aliingia ndani ya gari la posta na kukaa kwenye mapaja ya dereva, ambaye ilimbidi amrudishe kutoka shamba la tatu. Alikula kichwa cha samaki, akala ngozi ya kichwa, kisha akalia kana kwamba amenyimwa. Wenye paka wa rangi nyingine walisema ndivyo walivyo hao wa chungwa, wana mapenzi mengi na akili kidogo. Majira ya kuchipua alinenepa mpaka tumbo likaburura kwenye theluji, Steinvör akamsifia. Mei ikaingia, kondoo wakaanza kuzaa, majike mia mbili na themanini, mtu halali wala haogi, na kama paka alikonda wiki hizo hakuna aliyekuwa na macho ya ziada ya kuliona hilo. Aliingia mara moja kwa siku, akala kama mbwa mwitu, akaondoka.

Ijumaa asubuhi simu ililia.

"Njoo uone mwenyewe," ilisema sauti ya Ketill. "Bandani."

Banda la Eyri ndiko Ketill alikosafishia manyoya. Nyuma ya mashine ya kupepeta, ndani ya gunia la manyoya ya mwaka jana lililochanwa upande, vililala vitoto vinne vya paka. Viwili vilikuwa vya rangi ya chungwa. Viwili vingine vilikuwa marakaraka, mabaka meusi na ya chungwa yamechanganywa kama yaliyochorwa gizani. Macho ndiyo kwanza yalikuwa yamefunguka.

"Hongera," alisema Ketill. "Umepata wajukuu."

"Wajukuu wa nani?"

"Steinvör, usinichoshe. Hao wa chungwa wamepata wapi uchungwa? Kondoo dume mweupe hutoa weupe. Paka dume wa chungwa hutoa chungwa. Tumefuga miaka arobaini, wewe na mimi. Paka wako ameokota jike huko nje, amelizalisha ndani ya manyoya yangu, sasa anawinda bata wangu awalishe wanawe."

"Paka dume hawalishi watoto."

Ketill alifikiri. "Huyu wako ana mapenzi mengi," alisema, lakini kwa sauti ya mtu asiye na hakika.

Steinvör alichuchumaa, akavipindua vile vitoto kimoja kimoja. Alitaka tu mikono yake ifanye kitu. Ilimchukua muda, kitoto cha paka si mwanakondoo, kila kitu chake kimefichwa na ni kidogo kama punje. Mwishowe akapata hakika. Vya chungwa vyote viwili vilikuwa vya kiume. Vya marakaraka vyote viwili vilikuwa vya kike. Hakujua hilo lina maana gani, lakini mtu aliyeandika daftari la mifugo maisha yake yote huona aibu kuondoka bila kuandika. Akaandika kwenye kiganja.

Nyumbani alimpigia simu dada yake Ásgerður, aliyefundisha biolojia mjini Akureyri kwa miaka thelathini na ambaye mpaka leo alizungumza kama kengele imeshalia.

"Chukua penseli," alisema Ásgerður baada ya kusikiliza.

"Mimi si mwanafunzi wako."

"Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekuwa nimeshakufelisha, mdogo wangu. Chukua penseli."

Steinvör alilivuta daftari la uzazi wa kondoo, akafungua ukurasa wa nyuma.

"Jike ana kromosomu mbili za X. Dume ana X moja na Y moja. Rangi ya chungwa inakaa kwenye X. Kwenye Y haimo. Umeandika?"

"Nimeandika X."

"Haya. Mtoto wa kiume anapata X yake kwa nani?"

"Kwa baba."

"Kwa baba anapata Y, ndiyo maana akawa wa kiume. X anapewa na mama. Kwa hiyo akiwa wa chungwa, uchungwa ni wa mama. Baba awe mweusi, awe wa chungwa, awe wa kijani, hajamchangia chochote katika hilo."

"Lakini kondoo..."

"Achana na kondoo."

Steinvör alifuta alichoandika, akaandika upya, akaona amerudia kilekile. Ilikuwa kama kutazama sweta limefumwa kwa ndani, nyuzi zote zipo lakini sura haionekani.

"Na mabinti?" aliuliza.

"Mabinti wana X mbili, moja ya baba, moja ya mama. Moja ikiwa ya chungwa na nyingine nyeusi, wanatoka marakaraka. Zote zikiwa za chungwa, wanatoka chungwa tupu."

"Hapo umekosea. Majike wa chungwa tupu hawapo."

"Nani amekwambia?"

"Kila mtu."

"Wapo. Wachache, labda mmoja katika kila paka watano wa rangi hiyo, lakini wapo. Sasa niambie, huyo aliyeonekana na Ketill ana doa lolote jeusi?"

"Chungwa kuanzia pua mpaka mkia, ndivyo alivyosema."

"Basi sikiliza. Paka anayevamia viota hivyo ana njaa ya kunyonyesha. Ndiye mama. Mama ni chungwa tupu, wana wa kiume wametoka chungwa, sawasawa. Lakini mabinti wana weusi, na weusi huo mama hana wa kuwapa. Umetoka kwa baba. Baba si wa chungwa. Jarl wako hahusiki, si kwa kuwinda wala kwa kuzaa."

Katika yote yaliyosemwa, sentensi hiyo ya mwisho ndiyo Steinvör aliyoielewa moja kwa moja. Akaipigia mstari.

Saa sita alikuwa Eyri na daftari. Ketill aliligeuza upande, akaligeuza tena.

"Hii X ni kondoo?"

"Ni X tu. Ketill, kwa miaka arobaini umejua kondoo, paka hujui. Mimi pia sijui. Ásgerður anajua."

Akamweleza, akakosea, akaanza upya, akakosea pengine. Ketill alisikiliza kwa uvumilivu wa mtu anayengojea hali ya hewa. Mwishoni aliinua kichwa.

"Kwa hiyo yupo jike wa chungwa, ambaye hakuna aliyewahi kumwona."

"Wewe ulimwona. Kwa darubini."

"Nilimwona," alikiri Ketill. Alionekana kupungua nguvu, kama mtu aliyenyang'anywa hasira aliyoizoea. Kisha akapata nyingine. "Basi vizuri. Atarudi kunyonyesha. Nitakaa mlangoni pa banda. Huyo ni paka mwitu, hana mwenyewe, sina wa kumwomba radhi."

Steinvör alitazama gunia. Kitoto kimoja kilikuwa kimelala kwa tumbo, mguu juu ya uso wa mwenzake.

"Huyo hanihusu," alisema.

Alirudi nyumbani akiwa mwepesi. Alikata samaki mkavu, akampaka siagi, akala amesimama. Saa tisa Jarl aliingia kwa dirisha la jikoni, akamaliza bakuli la vichwa vya samaki, akanywa krimu, akajitupa chali kwenye ngozi ya kondoo karibu na jiko, miguu minne hewani, kama alivyokuwa akifanya mbele ya mtu yeyote.

"Umesamehewa, mheshimiwa," Steinvör alimwambia, akainama kumkuna tumbo.

Mkono wake uligusa kitu, ukasimama.

Manyoya ya tumboni yalikuwa yamelambwa yakaisha, duara kwa duara. Katikati ya kila duara palikuwa na chuchu, nyekundu, imetoka nje. Aliibonya moja kwa vidole viwili, jinsi alivyobonya viwele vya kondoo mia mbili na themanini majira yale. Tone jeupe lilitokeza.

Steinvör aliketi sakafuni. Alijiambia kwamba hata madume wana chuchu, jambo ambalo ni kweli. Alijiambia kwamba ile ni krimu. Kisha akamwinua Jarl, akamkalisha kwa makalio, mgongo umeegemea magoti yake, kama anavyokalishwa kondoo wa kukatwa sufu, akamtazama mahali ambapo hakuwahi kumtazama tangu siku ya sanduku la viatu. Jarl alimwachia, akinguruma kwa raha.

Alitazama kwa muda mrefu. Alikuwa ametazama vitoto vinne asubuhi ileile, hakuwa na kisingizio cha kutojua.

Sasa mawazo yakaanza kugongana. Kama Jarl ni jike, basi lile tumbo la theluji halikuwa unene. Basi kule kuzurura kwa Mei hakukuwa kuzurura. Basi jike wa chungwa ambaye hakuna aliyewahi kumwona alilala miguuni pake majira yote ya baridi. Alichukua daftari. Kila kitu kilikuwa sahihi: mama chungwa tupu, wana chungwa, mabinti marakaraka. Ameyaandika mwenyewe kwa mwandiko wake, akayapeleka Eyri kwa gari lake, akamwonyesha Ketill mahali pa kukaa na bunduki. Alikwenda kumtetea Jarl, akaishia kutoa ushahidi dhidi yake.

Alifunga dirisha.

Angeweza kuliacha limefungwa. Hilo alilifikiria vizuri, halikumponyoka. Mlango ufungwe, Jarl abaki ndani mpaka Julai, Ketill angekaa pale siku mbili tatu na asione mtu. Vitoto vingelia leo. Kesho vingelia kidogo. Baadaye vingenyamaza, na Ketill angesema yule paka mwitu ameliwa na mbweha, na Hvammur pangebaki na dume lake. Hakuna ambaye angeuliza. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Paka alisimama, akaenda kukaa chini ya dirisha. Alilitazama, akamtazama Steinvör, akaita mara moja kwa sauti asiyoijua. Hakukuwa na kichekesho katika sauti ile. Maziwa yalikuwa yamelowesha ngozi ya kondoo pale alipolala.

Steinvör alivaa viatu vya mvua, akamsukumiza paka ndani ya sweta lake, kichwa kikachungulia shingoni, akaenda kwenye gari.

Ketill alikuwa ameketi juu ya kasha la samaki lililofudikizwa mlangoni pa banda, bunduki mapajani. Huko kwenye viota redio ilikuwa ikisoma hali ya bahari, na bata mia kadhaa walikuwa wametulia wakisikiliza. Alimwona Steinvör anatembea na kifua kinachotikisika.

"Umemkamata?" aliuliza.

"Nimemleta."

Ketill alisogea, akatazama. "Huyo ni Jarl."

"Ni Jarl. Ndiye mama yao."

Macho ya Ketill yalitoka kwa paka yakaenda kwa Steinvör, yakarudi.

"Ulikuja hapa saa sita," alisema polepole. "Na daftari."

"Nilikuja."

"Ukaniambia si Jarl, ni jike."

"Na ni jike."

"Lakini ni Jarl."

"Ketill, hata mimi sielewi. Nimempindua. Mpindue na wewe kama unataka."

"Sitaki kumpindua." Alijikuna kichwa chini ya kofia. "Mwaka mzima hukumtazama?"

"Wewe ulimtazama? Amelala mapajani mwako Krismasi nzima, mkila nyama yangu ya kondoo iliyokaushwa kwa moshi, wewe na yeye."

Redio ilisema upepo utatoka magharibi. Jarl alikuwa ameanza kupigana na sweta, amesikia mlio kutoka bandani, na Steinvör akaona hatamzuia zaidi. Alimwachia. Paka alipita katikati ya miguu ya Ketill, chini ya bunduki, bila hata kumtupia jicho, akatokomea ndani. Mlio ulikatika mara moja, kama maji yaliyofungwa.

Wazee wawili walibaki mlangoni.

"Viota kumi na kimoja," alisema Ketill.

"Najua. Nitatembea nawe mstari mzima kila asubuhi mpaka msimu uishe, nitabeba nyasi, nitafanya utakachosema. Yeye atakaa ndani kwangu, milango na madirisha, mpaka bata wa mwisho amepeleka watoto baharini. Baada ya hapo daktari wa mifugo atamfunga kizazi. Ukimwona nje mara moja tu, usije kuniambia kabla."

Akaegemea ukuta. Ketill alikuwa akikunja uso, midomo inacheza. Alikuwa akihesabu kitu.

"Paka hubeba mimba kwa muda gani?"

"Miezi miwili na siku kidogo."

"Kwa hiyo ni Machi." Alitazama kule kwenye nyumba yake, ambako dirishani, nyuma ya kioo, Sóti alikuwa amekaa mweusi tii, akiwatazama wote wawili. "Huyu nilimfungia Mei. Machi alikuwa nje."

Steinvör alifuata jicho lake. Mweusi. Ule weusi ambao mama hakuwa nao wa kuwapa mabinti.

"Sikusema kitu," alisema.

"Usiseme." Ketill aliifungua bunduki, akatoa risasi mbili, akazitia mfukoni. Alionekana kama mtu aliyeambiwa yeye ndiye mgeni katika nyumba aliyozaliwa. "Mimi ndiye niliyewaambia watu wafungie paka wao."

"Tumekuwa wakwe, Ketill."

"Nyamaza, Steinvör."

Lakini aliingia bandani, akatoka na gunia zima mikononi, amelibeba kwa chini kama anavyobeba kiota chenye mayai. Jarl alikuwa amelala humo ubavu, vitoto vinne vimejipanga tumboni, hakujisumbua hata kuinua kichwa.

"Manyoya haya hayauziki tena," alisema Ketill. "Chukua na gunia. Saa moja asubuhi uwe hapa, na viatu vikavu."

Waliliweka gunia kwenye kiti cha mbele. Ketill alisita, mkono juu ya mlango.

"Nimwiteje sasa huyu?"

Steinvör alijaribu kufikiri. Alianza na X, akaenda mpaka kwa mama, akapotea palepale anapopotea siku zote.

"Jarl," alisema. "Sijui jingine."

Aliwasha gari. Jua lilikuwa limepiga kioo siku nzima, ndani palikuwa na joto la kuoka na harufu ya maziwa na bahari. Steinvör alikuwa akitokwa jasho mpaka mgongoni, lakini alinyoosha mkono kuvuka gunia, akapandisha kioo cha upande wa paka mpaka juu kabisa, kisha akapandisha na cha kwake.